Kopo Hili Lilikuwa na Nini?

Wanachuo wenzangu, likizo ndefu ikifika wengi wetu tunarudi nyumbani na kukuta kuna mtoto mchanga: wa dada, wa kaka, na kwa baadhi yetu ni wetu wenyewe. Kwetu Gwata mwaka huu nilimkuta wa dada. Bumu lilishaisha, na zile kabati za plastiki zenye picha za katuni pale Kariakoo bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Tukageukia makopo.

Chumba cha mtoto kwetu ni kona ya chumba cha mama. Humo humo kuna kitanda, chandarua, dawa, wembe, na chini ya meza kuna mafuta ya taa. Kwa hiyo vyombo vya kutenganisha vitu vya mtoto si urembo tu.

Na jambo lenyewe si geni. Debe hili tunalopimia mahindi na mkaa lilianza kama kopo la mafuta ya taa la galoni 4, kama lita 18 hivi. Mafuta yakaisha, debe likabaki. Likachotea maji, likapimia nafaka, likanyooshwa kuwa bati la paa na ukuta pale Dar es Salaam. Vibatari navyo mafundi bati walivikata kwenye makopo. Sisi tunaongezea kitenge tu.

Anza na makopo ya chakula. La maziwa ya unga la gramu 400 linatosha soksi na kofia. La gramu 900 linabeba nepi za kitambaa ukiziviringisha badala ya kuzikunja. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha anika juani mpaka likauke kabisa, hasa pale kwenye mshono wa chini. Unyevu ukibaki hapo kutu inaanza, na nepi nyeupe itatoka na alama isiyofutika. Angalia pia ukingo. Kopo lililofunguliwa kwa kisu lina meno: yalaze kwa koleo, piga msasa, halafu pitisha kidole taratibu. Kama kinakwaruza, bado. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula ukililaza na kukata ubavu mmoja linakuwa droo nzuri ya kanga.

Kwa mapambo, omba vipande vya kitenge kwa fundi cherehani. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri. Uji wa unga wa muhogo nao unashika na hauna gharama, lakini mende wataushukuru kuliko wewe. Mama alituangalia tunahangaika, akasema, "Mwanangu, gundi ya nini na ukili upo?" Alikuwa sawa. Ule ukili wa kushonea mikeka, uliotiwa rangi, ukizungushiwa ndoo ya lita 10 na kushonwa kwa uzi unakaa bila gundi, na ukichakaa unafumuliwa. Shanga na vifungo achana navyo. Chochote kinachopita ndani ya kile kiboksi cha duara katikati ya toilet pepa kinaweza kumkaba mtoto.

Sasa swali la kichwa cha habari. Huku kwetu pwani kuna mikorosho, na mikorosho inapigwa dawa za ubwiri unga na wadudu. Vyombo vya dawa hizo ni imara, vina mifuniko mizuri, vinatamanisha. Usivichukue. Plastiki inanyonya dawa, na kuosha mara kumi hakuitoi yote. Kinachotakiwa ni kukisuuza mara tatu, kukitoboa na kukiondoa, tena kukitoboa ndiyo muhimu ili jirani naye asikiokote. Vya tina, oili chafu na maji ya betri ni hivyo hivyo. Kama hujui kilikuwa na nini, acha.

Kuna upande wa pili ambao watu husahau. Mtoto akianza kutambaa, kopo linalong'aa linamwita. Basi kwenye makopo yaliyopambwa weka vile tu ambavyo hata akivitia mdomoni hakuna shida: nguo, nepi, vitambaa. Dawa, wembe na pini ziende kwenye chombo kibaya kisicho na rangi, chenye mfuniko, juu kabisa.

Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Ikitokea amekunywa, msimtapishe wala msimlazimishe maziwa. Mafuta yakirudi juu ndipo yanapoingia kwenye mapafu. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni kituo cha afya, na mbebe hiyo chupa mkaionyeshe.