Usanifu wa Dirisha la Kiingilio lenye Onesho la Projekta katika Mabanda ya Video: Mfano wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Katika mabanda ya video nchini Tanzania, maarufu kama vibanda umiza, mtazamaji hulipa kiingilio kabla ya kukiona anachokilipia. Dirisha la kiingilio, kwa hiyo, ndipo mwenye banda anapotoa ahadi. Mvuvi wa delta akilipa sehemu ya kipato cha siku, kisha akakuta filamu au mechi isiyokuwa ile iliyotangazwa, aghalabu hana pa kudai. Sehemu hii inafafanua namna onesho la projekta dirishani linavyoweza kuitimiza ahadi hiyo, pamoja na mipaka yake.

Kikwazo cha kwanza ni mwanga. Projekta ya lumeni 3,000 inayotoa picha ya upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 0.9 huipa kila mita ya mraba takribani lumeni 2,800. Jua la utosini huweza kuimwagia mita hiyohiyo lumeni 100,000, na picha ikatoweka. Onesho la projekta, basi, hufaa baada ya magharibi. Mchana hubaki ubao wa chaki uliowekwa chini ya paa.

Kikwazo cha pili ni nafasi. Projekta iliyowekwa nje huzibwa na foleni. Ikiwekwa ndani ya kibanda, hurusha picha kwenye shuka jeupe jembamba lililotandazwa dirishani, nayo picha hugeuzwa kulia kwenda kushoto ili maandishi yasomeke nje. Pale ambapo uwiano wa umbali kwa upana ni 1.5, picha ya mita 1.2 huhitaji umbali wa mita 1.8. Kibanda kifupi zaidi huhitaji kioo cha kuukunja mwanga.

Kikwazo cha tatu ni umeme. Projekta ya taa hutumia takribani wati 250 hadi 300, ilhali balbu ya LED hutosheka na wati 10. Mjini Kibiti, penye umeme wa gridi, tofauti hiyo huvumilika. Katika vijiji vya delta, kama vile vya kata za Salale na Maparoni, banda linalotegemea betri za sola litakuwa linalitangaza onesho kwa nishati ileile inayohitajika kulimaliza. Huko, ubao unaomulikwa kwa balbu ndio usanifu bora.

Kwa muhtasari, dirisha hupimwa kwa jambo moja: aliyelipa akute ndani kile alichokisoma nje, tena hadi mwisho.