Mto Hauna Maneno Mengi

Chini ya daraja kuna kihisi kilichoelekezwa majini. Hutoa mlio ambao binadamu hausikii, husubiri mwangwi wake, kisha hupiga hesabu: kutoka hapa darajani hadi uso wa maji ni milimita ngapi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wamepima mito ya kwao kwa njia hiyo. Jibu lote hutosha katika baiti mbili, kwani baiti mbili hubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 65,535. Kazi ni kulitoa jibu hilo bondeni, mahali pasipo umeme, kwa betri ambayo hakuna mtu atakayekwenda kuibadilisha kila wiki.

Laini ya simu ingeweza kulifikisha, ila modemu ya simu hula umeme mwingi na kila laini hudai salio. Wi-Fi nayo huishia uani. Ndiyo maana wengi wanakimbilia LoRa, teknolojia ya redio iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa mwaka 2012 na Semtech ya Marekani. LoRa imeacha kasi ili ipate umbali. Badala ya kukaa kwenye masafa mamoja, kisambazaji huyatelezesha masafa kutoka chini kwenda juu, kama mluzi unaopanda, na ujumbe umo katika mahali mluzi ulipoanzia. Kwenye mwendo wa pole kuliko yote, uitwao SF12, mluzi mmoja huchukua takriban milisekunde 33 na unaweza kuanzia sehemu 4,096 tofauti. Kwa kuwa kipokezi kinajua tangu mwanzo umbo la kile kinachokitafuta, hukinasa hata kikiwa dhaifu mara 100 kuliko kelele za redio zilizokizunguka. Mwaka 2017 kisambazaji cha miliwati 25 kilichorushwa kwa puto kutoka Uholanzi kilisikika kilomita 702 mbali. Huku chini ardhini hesabu ni nyingine kabisa: kilomita chache mjini, kumi au zaidi penye uwazi.

Upole huo una gharama. Ujumbe wa baiti 20 kwenye SF7, mwendo wa haraka, hukaa hewani sekunde 0.07. Kwenye SF12 ujumbe uleule hukaa sekunde 1.8, na muda wote huo betri inaliwa na wengine wanazibiwa njia. The Things Network, mtandao wa LoRa unaojengwa na watumiaji wenyewe, ulioanzia Amsterdam mwaka 2015, huruhusu kila kifaa sekunde 30 za hewani kwa siku. Kihisi kilicho karibu na lango, yaani kituo kinachopokea ujumbe na kuusukuma kwenye intaneti, kitaongea zaidi ya mara 400 kwa siku. Kilicho mbali, kinacholazimika kutumia SF12, kitaongea mara 16. Mto unaofurika usiku hauwezi kungoja saa moja na nusu kati ya kipimo na kipimo. Kwa hiyo usalama wa watu wa bondeni unategemea sana lango lilipowekwa.

Kuliunda lango lenyewe si kazi kubwa. Unahitaji kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kadi ya kupokelea yenye chipu ya SX1301 au mrithi wake, nyaya chache za kuziunganisha, na programu ya kupeleka pakiti kwenye seva. Chipu hiyo husikiliza chaneli nane kwa pamoja, na katika kila chaneli hupokea miendo yote kuanzia SF7 hadi SF12. Sokoni kuna vifaa rahisi zaidi vinavyosikiliza chaneli moja na mwendo mmoja. Kwa majaribio ya mezani vinafaa. Kwa mto sivishauri hata kidogo, kwa sababu ujumbe ukipita kwenye chaneli nyingine umepotea. Na antena ifungwe kabla ya kuwasha umeme. Kadi ikirusha mawimbi bila antena, nguvu hurudi ndani na inaweza kuiunguza.

Jasho liko juu ya paa. Mawimbi ya redio hayapiti tu kwenye mstari mwembamba unaounganisha antena mbili. Yanahitaji nafasi pande zote za mstari huo, na kwa megahezi 868, katikati ya safari ya kilomita 10, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 29 hivi. Msitu wa mikaratusi au bega la kilima likiingia humo, mawimbi hudhoofika hata kama jicho linaona ng'ambo. Halafu kuna kebo: mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 humeza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye kadi. Afadhali kisanduku kizima kipandishwe juu, karibu na antena, kikiwa kimezibwa mvua isiingie, na mlingoti uunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi. Fedha zikiwa haba, mimi ningezitia kwenye mlingoti kabla ya kitu kingine chochote.

Amsterdam ilifunikwa kwa malango kumi tu, ndani ya wiki sita, na walioyaweka walikuwa watu na kampuni zilizotoa paa zao kwa hiari. Ujumbe mmoja ukidakwa na malango mawili, seva huhifadhi nakala moja na kuitupa nyingine, kwa hiyo lango la jirani huongeza eneo la wote. Nalo lango haliwezi kusoma linachobeba, kwani kila kifaa hufunga ujumbe wake kwa ufunguo wa AES wa biti 128. Shule ya kilimani inaweza kupokea vipimo vya mto, vya unyevu wa shamba la kahawa na vya tangi la maji la kijiji kwa antena ileile moja, na kila mwenye kihisi akabaki na siri yake.