Kabla hujamnunulia mama mashine ya kutetemesha mwili

Matangazo yake yamejaa kwenye simu: ubao wa umeme unaosimama juu yake, unatetemeka chini ya miguu, na muuzaji anaahidi kuwa dakika 10 kwa siku zitaimarisha mifupa ya mzee. Kwa aliyeko Dar es Salaam na mama yake yuko Newala au Masasi, ni zawadi inayovutia. Kabla hujatuma fedha, jua mashine hiyo inaweza kufanya nini na haiwezi nini.

Mifupa hudhoofikaje?

Mfupa ni kitu hai. Mwili huubomoa kidogo kidogo na kuujenga upya maisha yote, lakini uzeeni ubomoaji huzidi ujenzi. Kwa wanawake kasi huongezeka hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni, inayolinda mifupa, hushuka.

Tatizo hili haliumi. Wengi hugundua siku mzee anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, au anapojikinga kwa mkono na kuvunjika kifundo. Dalili nyingine ni kimo kupungua na mgongo kupinda.

Kinachoamsha ujenzi wa mfupa ni mzigo. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani, na bibi zetu walishuka mabondeni kuyafuata na kupanda tena na mzigo kichwani. Maji ya bomba yamepunguza safari hizo, na ni ahueni kubwa. Lakini mzee anayeacha kazi zote na kukaa barazani kutwa hupoteza misuli na mifupa kwa pamoja.

Utafiti unasema nini?

Wazo la mashine ni kwamba mtetemo ni mizigo midogo midogo inayorudiwa mara nyingi. Mwaka 2001, Clinton Rubin na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya kondoo waliotetemeshwa dakika 20 kwa siku kwa mwaka mzima. Sehemu ya ndani ya mfupa wa paja, ile iliyo kama sifongo, iliongezeka uzito wake kwa asilimia 34. Hapo ndipo matumaini yalipopanda.

Kwa binadamu mambo hayakuwa hivyo. Toronto, Kanada, wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliosimama kwenye mashine dakika 20 kila siku hawakupata mifupa imara kuliko wasioitumia. Eneo la Boston, Marekani, wazee 174 wenye wastani wa miaka 82 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalikuwa yale yale.

Faida ilionekana kwingine. Hong Kong, wanawake zaidi ya 700 wenye miaka 60 na kuendelea walifuatiliwa kwa miezi 18. Kati ya kila 100 waliotumia mashine, kama 19 walianguka au kuvunjika. Kwa wasioitumia walikuwa kama 29. Mifupa haikubadilika sana, ila miguu ilipata nguvu na mwili ukawa na mizani. Hilo si dogo, kwani mara nyingi nyonga huvunjika kwa sababu mtu ameanguka.

Mashine haimfai mwenye mfupa uliovunjika karibuni, damu iliyoganda mguuni, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni. Na kupanda bodaboda kwenye barabara ya makorongo si zoezi: mrusho ule unaweza kuumiza pingili za mgongo wa mzee.

Anza na haya nyumbani

Nguvu za miguu na mizani hupatikana bila umeme. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku 3 kwa wiki.

• Kuinuka kitini na kuketi polepole, mara 8 hadi 10, bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza.
• Kushika meza, kunyanyua visigino na kuvishusha.
• Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, mtu akiwa karibu.
• Kutembea kila siku. Ngoma ikilia na mwili unaruhusu, acheze. Hata sindimba ya taratibu huifanyisha miguu kazi.

Msimu wa korosho una hatari yake. Kuinama mgongo ukiwa umepinda, saa nyingi, huzielemea pingili dhaifu. Mzee aokote akiwa ameketi kwenye kigoda, ndoo iwe ndogo, na tenga zito libebwe na vijana.

Sahani yake iwe na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa yakipatikana, mboga za majani, na mbaazi au kunde. Apate jua. Apunguze pombe, uraka ukiwemo, na aache tumbaku.

Kisha kagua nyumba: taa ya usiku, njia ya chooni isiyo na mashimo, kitu cha kushikilia bafuni, ndala zisizolegea, na macho yapimwe.

Lini aende hospitali?

Mpeleke kama amewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, mgongo umemuuma ghafla, kimo kimepungua, au ametumia prednisolone kwa muda mrefu. Anzieni hospitali iliyo karibu, iwe Mkomaindo mjini Masasi, Ndanda au ya Newala. Kipimo cha uimara wa mifupa, kiitwacho DEXA, hakifanyiki kwenye zahanati, hivyo huenda akapewa rufaa. Zipo dawa zinazopunguza hatari ya kuvunjika, na hakuna mashine inayochukua nafasi yake.

Kama fedha ya zawadi tayari unayo, anza na nauli ya hospitali, taa na vyuma vya kushikilia bafuni. Ikibaki, ndipo ufikirie mashine, baada ya kumuuliza daktari.