Kawia ufike: habari za treni za Mumbai

Twende kwa mawazo mpaka nchi ya Uhindi, katika stesheni ya Thane, karibu na mji mkubwa wa Mumbai. Ni saa 2 asubuhi. Treni yaingia. Kabla haijasimama, vijana wamekwisha kuruka ndani. Wengine wafuata wakisukumana, mifuko ya mgongoni wameivaa kifuani ili isiwazuie wenzao. Milango ya treni i wazi daima. Treni yaondoka upesi, na penye mlango watu waning'inia kama nyuki: mkono mmoja umeshika chuma, mguu mmoja u ndani, wa pili hauna mahali pa kukanyaga. Baada ya dakika chache yaja treni nyingine, nayo imejaa vilevile.

Watu hao hawachezi. Ni makarani, mafundi, wauguzi na wanafunzi. Wanatafuta mkate wa kila siku. Mbona basi wasafiri hivyo?

Mji wenye umbo la ulimi

Mumbai, ulioitwa Bombay mpaka mwaka 1995, umejengwa juu ya ulimi mwembamba wa nchi, na maji yauzunguka. Tangu zamani bandari, benki na ofisi zilikusanyika kusini, penye ncha ya ulimi. Lakini nyumba ambazo mtu wa mshahara mdogo aweza kuzilipia ziko mbali, upande wa kaskazini. Kwa hiyo asubuhi makundi makubwa yashuka kusini, na jioni yapanda kaskazini, wote kwa saa zilezile na kwa njia zilezile chache.

Kabla ya ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, treni hizo zilichukua abiria zaidi ya milioni 7 kila siku. Wakuu wa reli wenyewe wamekubali kwamba, saa za kujaa sana, watu 14 mpaka 16 husimama katika meta moja ya mraba. Wanafunzi, chukueni chaki, mchore sakafuni mraba wenye upande wa meta 1, kisha wenzenu 14 wasimame ndani. Mtafahamu upesi.

Kurefusha treni

Reli hiyo ina sifa ya zamani. Treni ya kwanza ya abiria katika Uhindi ilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853, mwendo wa kilometa 34. Treni ya kwanza ya umeme nayo ilianza mjini humo tarehe 3 Februari 1925.

Watu walipozidi, treni zilirefushwa: mabehewa 9, kisha 12, na tangu mwaka 2009 treni kadhaa zina 15. Majukwaa yalirefushwa pia. Hata umeme ulibadilishwa: volti 1,500 hazikutosha tena, zikawekwa volti 25,000, kazi iliyomalizika mwaka 2016. Mwaka 1992 ilianzishwa treni ya wanawake peke yao, kati ya Churchgate na Borivali.

Yote hayo yalisaidia. Lakini mji nao ulizidi kukua, na kila nafasi mpya ilijazwa.

Shida ya mlango

Siku ya Noeli ya mwaka 2017 ilianza treni ya namna nyingine: hewa yake imepozwa, na milango yajifunga yenyewe. Humo hakuna mtu wa kuning'inia. Lakini nauli yake yapita ile ya kawaida mara kadhaa. Tena, reli ikiwa imejaa, treni mpya haipati nafasi isipochukua nafasi ya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Agosti 2022: safari 10 za treni hizo ziliwekwa mahali pa safari za kawaida. Abiria wa Kalwa na Badlapur walipinga kwa nguvu, kwani wasio na fedha walibaki kusongamana katika treni zilizosalia. Baada ya siku chache safari hizo ziliondolewa. Raha ya mmoja ilikuwa imekuwa mzigo wa mwingine.

Je, si afadhali kufunga milango ya treni za kawaida? Jambo si rahisi. Katika msongamano ule, mlango ulio wazi ndio uletao hewa. Ukifungwa tu, watu watakosa pumzi.

Lakini mlango ulio wazi huua. Tarehe 9 Juni 2025, karibu na Mumbra, treni mbili zilipishana penye kona, na watu waning'iniao milangoni walianguka. Wasiopungua 4 walikufa. Asubuhi ile walikuwa wameaga nyumbani kama siku zote. Baada ya msiba huo wakuu walitangaza kwamba treni za kawaida nazo zitengenezwe kwa milango ya kujifunga, yenye matundu ya hewa, na mashine za kuleta hewa juu ya paa, na njia ya kupita toka behewa hata behewa.

Mtu wa nne

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kuleta faida tu. Basi mji unaohitaji mikono yake wapaswa kumfikisha kazini, na kumrudisha kwa watoto wake, akiwa mzima. Nyumba karibu na kazi, saa za kazi zisizolingana kwa wote, njia mpya za reli: hayo ni madeni ya wakubwa.

Lakini abiria naye ana lake. Katika treni za Mumbai kiti cha watu 3 hukaliwa na 4. Watatu husogea kidogo, na mtu wa nne, pengine wa dini nyingine na lugha nyingine, hupata pembe ya kuketi. Hakuna sheria iliyowaamuru. Wanajua tu uchovu wa miguu.

Na kwa yule akimbiliaye mlango uliojaa, wahenga wetu walikwisha kusema: kawia ufike. Mkubwa wa kazi aweza kukasirika kwa dakika 10. Mama na watoto wangelia miaka yote.