Kifundo Kilichoteguka: Maumivu Kuisha si Kupona

Katikati ya mwaka, wakati wa michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mvua huwa zimekwisha, na viwanja vingi vya Shinyanga vyenye udongo wa mbuga huwa vimekauka na kupasuka. Mchezaji akikanyaga ufa, unyayo hupinduka kwa ndani na kano za upande wa nje wa kifundo huvutika au kukatika. Mchimbaji mdogo wa Geita anayeteleza juu ya mawe huumia vivyo hivyo.

Mchezaji hupumzishwa wiki moja, hurudi uwanjani, na kifundo kilekile huteguka tena. Sababu ni kwamba maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu. Kano ndizo pia huujulisha ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Zikijeruhiwa, misuli huchelewa kuuzuia mguu unapoanza kupinduka.

Asiyeweza kutembea hatua 4, au anayeumia mfupa wa kifundo unapobonyezwa, apelekwe kupigwa picha ya mionzi. Kwa wengine, katika saa 48 za mwanzo mguu uinuliwe, ufungwe bandeji na ukandwe kwa maji ya baridi. Maji ya moto na kuchua, ambavyo wengi wetu tumelelewa navyo, huongeza uvimbe katika kipindi hicho.

Uvimbe ukipungua, mazoezi yaanze. Mgonjwa aketi na kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kisha achukue ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli (Usukumani hazikosekani), aufunge kwenye mguu wa meza, aupitishe kwenye unyayo na kuuvuta polepole kwa upande wa nje, mara 10 hadi 15, kwa awamu 3. Baadaye ashike ukuta na kunyanyua visigino.

Zoezi linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo kinga kubwa, ni kusimama kwa mguu mmoja: sekunde 30 macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, kisha akirushiana mpira na mwenzake. Lifanywe kila siku, na liendelee kwa wiki kadhaa hata baada ya kurudi mchezoni. Kifundo kikivimba au kuuma zaidi siku inayofuata, mazoezi yapunguzwe.

Walimu wa michezo wanaombwa wasimpange mchezaji kwa sababu tu amesema haumwi. Aruke kwa mguu uliojeruhiwa, akimbie na kugeuka ghafla. Ukishindwa kulingana na mguu mzima, asubiri. Asiyepata nafuu afike zahanati ili apewe rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.