Maili Chache, Bei Kubwa: Magari ya Spoti ya Zamani Yanahitaji Mtaji na Macho

Kuanzia yadi za Kinondoni na Mwenge hadi kwa madalali wa Chang'ombe na Tandika, hakuna maneno yanayouza gari upesi kama haya: "limetembea kidogo". Kwa Noah au Probox maneno hayo huongeza bei kidogo tu, kwa kuwa mnunuzi anajua gari litaingia kazini kesho yake. Kwa gari la spoti la zamani, kama vile Celica GT-Four, Fairlady Z, Supra, au hata Altezza RS200 yenye gia sita, yanaweza kubeba mamilioni ya shilingi. Mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha zake katika bidhaa hii hana budi kujua hasa analipia nini.

Mapenzi ya magari haya katika Afrika Mashariki hayakuanza jana. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyowaonyesha wananchi kwamba gari dogo la Kijapani linaweza kumaliza kazi penye tope na mawe. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikaendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Toyota Celica ikatawala baadaye, mwaka 1984 hadi 1986, na tena miaka ya 1990. Wengi wanaotafuta magari haya leo walikuwa watoto wakati huo, na sasa wana biashara zao na fedha mkononi.

Bei, hata hivyo, haipangwi Kinondoni. Sheria ya Marekani huruhusu gari lisilotengenezwa kwa viwango vya nchi hiyo kuingizwa likishafikisha miaka 25 tangu litengenezwe. Kila mwaka, basi, kundi jipya la magari ya Kijapani hufunguliwa mlango huo, na mnunuzi wa Dar es Salaam hujikuta mnadani Japani akishindana na mtu mwenye dola. Skyline GT-R na Supra zimeshatoka katika uwezo wa mwekezaji mdogo. Zilizobaki karibu naye ni Altezza, Celica za kawaida, MR2 na Mazda Roadster.

Kisha yapo ya forodha, na hapa ndipo hesabu za wengi huvunjika. Tanzania haikatazi gari la zamani kuingia, ila hulitoza. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari la abiria hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, na ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, au asilimia 10 kwa injini kubwa zaidi. Likizidi miaka 10 tangu litengenezwe, huongezwa asilimia 30 ya uchakavu, na juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Tuchukue gari la cc 2,000 ambalo TRA imelithaminisha kwa Sh milioni 20 hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni milioni 5, wa bidhaa milioni 1.25, wa uchakavu milioni 7.5, na VAT kiasi cha milioni 6.08. Jumla inakaribia milioni 20 nyingine, kabla ya tozo ndogo ndogo, malipo ya wakala na gharama za bandari. Ikumbukwe kwamba TRA hutumia thamani iliyomo katika mfumo wake, wala si lazima ile iliyoandikwa kwenye ankara. Anayeambiwa na dalali kwamba "kodi utaongea" asikubali kutoa hata senti.

Sasa maili zenyewe. Japani kweli yapo magari yaliyotembea kidogo: miji ina treni, maegesho ni ghali, na ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu kisha kila baada ya miwili, huwachosha wenye magari. Lakini mita ya kilomita hurudishwa nyuma kwa muda mfupi kuliko kubadilisha tairi. Ushahidi usitafutwe kwenye dashibodi, utafutwe kwenye karatasi. Ya kwanza ni karatasi ya mnada, yenye daraja la gari (4 au 4.5 ni zuri, R ni lililowahi kupata ajali na kutengenezwa) na alama ya tahadhari pale ambapo mnada wenyewe haukuiamini mita. Ya pili ni cheti cha kuondoa gari Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Karatasi hizi mbili zikipishana na dashibodi, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe hapo.

Karatasi zikikosekana, gari lenyewe husema. Pedali ya breki iliyolika mpira, usukani unaong'aa kwa jasho la mikono, kiti cha dereva kilicholala upande mmoja: hayo si ya kilomita 40,000. Mafundi wa Japani pia hubandika ndani ya boneti kibandiko kinachotaja kilomita ambazo mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Kikisema 98,000 na dashibodi ikasema 52,000, hakuna haja ya fundi.

Jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja ni kwamba hata maili chache za kweli zina gharama yake. Gari lililosimama miaka mingi huugua ugonjwa wa kusimama. Sili za injini hukauka na kuvujisha mafuta, majimaji ya breki hufyonza unyevu, tangi hushika kutu, na mpira wa bushi hupasuka. Mkanda wa taimingi huzeeka kwa miaka kama unavyolika kwa kilomita, hivyo wa miaka 20 ubadilishwe hata kama haujafikisha 100,000. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011, na tairi hiyo, hata ikiwa na meno yote, haifai kwa mwendo. Kwa Mazda RX-7 yenye injini ya mzunguko, usinunue bila kupima mgandamizo. Na kwa gari lililokaa Mbezi Beach au Kigamboni, fundi alale chini aangalie maungio ya bodi, kwa sababu chumvi ya bahari haisomwi na mita.

Wapo wanaopima umri wa gari kwa herufi ya namba: "hii namba E". Herufi hiyo humwambia mnunuzi lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Altezza ya mwaka 1999 iliyoingia juzi itakuwa na namba mpya kuliko gari la 2010 lililoingia zamani.

Kuhusu kuuza tena, soko ni jembamba kuliko linavyoonekana kwenye picha. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku magari ya miaka 15 na zaidi kwa sheria ya mwaka 2018. Mteja, basi, yumo humu humu nchini, naye ni mmoja kati ya wachache. Hiace ikiwa na tatizo la fedha nyumbani huuzwa wiki hiyo hiyo, lakini Celica inaweza kungoja miezi. Mwenye milioni 40 za kuzalisha tu, bila mapenzi ya gari, ana dhamana za serikali zinazopokelewa kuanzia Sh milioni moja, zinazolipa riba bila kubadilishwa oili. Gari hili ni la yule atakayefurahi kulitazama hata lisipopanda bei.

Aliyekwisha kuamua anashauriwa kutenga sehemu ya fedha kwa ajili ya mwaka wa kwanza: mkanda, tairi, breki, mipira yote. Vipuri vya Altezza hupatikana Gerezani na Ilala kwa kuwa sehemu zake nyingi hushirikiana na Toyota nyingine. Vya 240Z huagizwa, na husubiriwa. Kabla ya kulipa, kadi ihakikiwe TRA, namba ya chesisi isomwe kwenye bodi yenyewe, na muuzaji awe ndiye mwenye jina. Bima kubwa nayo iulizwe mapema, maana kampuni nyingi husita kwa gari la umri huo, na zinazokubali hutaka taarifa ya mthamini kwanza.