Kishindo chini ya pikapu: Kagua propela kabla ya kununua difu

KISHINDO kinachosikika chini ya pikapu dereva anapoachilia klachi huwafanya wamiliki wengi kukimbilia kununua difu. Aghalabu hiyo ni hasara ya bure.

Nguvu za injini hutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma kupitia propela, ambayo huunganishwa kwa viungo vyenye umbo la msalaba viitwavyo kros. Ndani ya kila kros mna vyuma vyembamba mithili ya sindano. Grisi inapokauka au maji yanapoingia, vyuma hivyo husagika na kuacha pengo, nalo pengo ndilo linalogonga.

Uchunguzi hauhitaji mitambo. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, magurudumu yazuiwe barabara, gia iwekwe huru na breki ya mkono iachiliwe. Kisha propela ishikwe karibu na kila kros na kutikiswa huku na huku. Kros nzima haichezi kamwe. Unga wenye rangi ya kutu kandoni mwake ni ushahidi tosha kuwa imekwisha. Difu ishukiwe tu iwapo kros zote ni imara na bado propela yazunguka kupita kiasi, kwa kuwa mchezo mdogo katika meno yake ni jambo la kawaida.

Kishindo cha wakati wa kusimama, kwa upande mwingine, mara nyingi huponywa kwa grisi tu, ikitiwa pale propela inapotelezea.

Fundi anayebadilisha kros sharti atie alama kabla ya kufungua, la sivyo propela ikirudishwa visivyo gari litatetemeka. Anayeahirisha kazi hiyo ajue kwamba kros ya mbele ikikatika, propela huanguka na yaweza kuchoma barabara gari likiwa mbioni.